Wasomaji Wanauliza: Vinasaba, Shajara na Asili Yetu

Barua kuhusu vipimo vya vinasaba, yaani DNA, zimetufikia kutoka pwani, bara na kwa wenzetu waishio ng'ambo. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa wengi, si aliyeuliza peke yake.

Nyumbani tunajulikana kuwa Washirazi. Shajara yetu inapanda kwa baba hadi kwa mtu aliyetoka Uajemi. Binamu yangu aliyeko Toronto amepima mate, akajibiwa Uajemi asilimia 2 tu, na iliyobaki karibu yote ni Afrika Mashariki. Je, wazee walitudanganya? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu msomaji, matokeo hayo hayaiangushi shajara yenu, wala hayaithibitishi. Binamu yako amechukua kipimo kisichofaa kwa swali hilo. Kosa hili ndilo tunalokutana nalo kuliko yote: mtu hununua kipimo kwanza, halafu ndipo anapotafuta swali la kukiuliza.

Kipimo cha kawaida cha mate hutazama jozi 22 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, ambazo mtu hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Fungu la kila mhenga hupungua kwa nusu katika kila kizazi: mzazi asilimia 50, babu 25 kwa wastani, baba wa babu 12.5. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za wahenga, na fungu la kila mmoja halifiki sehemu moja ya elfu. Tena vinasaba hurithiwa kwa vipande, havigawanywi sawasawa, kwa hiyo wengi kati ya hao 1,024 hawakukuachia hata kipande kimoja, ingawa ni babu zako kweli. Mtu aliyeshuka pwani miaka 900 iliyopita yuko takriban vizazi 30 nyuma yako. Ikiwa yeye peke yake ndiye aliyetoka Uajemi, hata hiyo asilimia 2 haikutoka kwake. Imetoka kwenye ndoa za karibu zaidi, au ni kosa la makadirio.

Shajara yenu inafuata baba, baba wa baba na kuendelea. Mstari huo una chombo chake, nacho ni kromosomu Y, ambayo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila kubadilika. Anayetakiwa kupimwa ni mwanamume aliyeunganishwa na ukoo kwa wanaume watupu: kaka yako, ami yako, mtoto wa kiume wa ami. Mtoto wa shangazi hafai hata akiwa kipenzi cha nyumba, kwa sababu Y yake ni ya ukoo wa baba yake. Kama binamu yako wa Toronto ameungana nanyi kwa mama, hawezi kulijibu swali hili kwa kipimo chochote.

Majibu ya Y huja kwa majina ya makundi, yaitwayo haplogrupu. J2 imeenea Uajemi, Iraki na Anatolia. J1 ni nyingi Arabuni. Tawi la E liitwalo E-M2 ndilo lililosambaa zaidi kwa wanaume wa jamii za Kibantu. Lakini msikimbilie kusherehekea herufi. J2 iko pia Bara Hindi na kando ya Bahari ya Kati, na jina la juu kama hilo lina maelfu ya miaka. Ili kukaribia karne mnazozitaka, wapimwe wanaume wawili au watatu kutoka matumbo tofauti ya ukoo, kwa kipimo kinachosoma sehemu kubwa ya Y yenyewe. Kile kinachohesabu alama 37 hakitoshi. Matumbo yote yakikutana kwenye tawi moja dogo, mmepata ushahidi kwamba mlitoka kwa babu mmoja wa kiume, na takriban lini. Likitofautiana moja, huenda palikuwa na mtoto wa kulea, au aliyeingia ukoo kwa upande wa mama akapewa jina. Mambo hayo yamekuwapo pwani siku zote na si aibu.

Kuhusu Washirazi kwa jumla, tuna ushahidi mzito zaidi kuliko mate ya walio hai. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Esther Brielle, Jeffrey Fleisher, Stephanie Wynne-Jones, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao, waliosoma vinasaba vya watu 80 wa kale. Wengi wao walizikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 katika miji ya pwani, ikiwamo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Waliona kuwa wengi wa watu hao wa pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, nayo imeingia hasa kwa upande wa wanawake. Fungu kubwa la iliyobaki lilitoka Asia, na katika hilo la Asia asilimia 80 hadi 90 lilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na sehemu ndogo ya Kihindi. Kuchanganyika kulianza takriban mwaka 1000. Kabla ya takriban mwaka 1500 upande wa Asia ulikuwa zaidi wa Uajemi. Baada ya hapo Arabuni ikaongezeka.

Kwa hiyo habari za Kilwa zinazosimulia ujio wa watu wa Shirazi hazikuwa hadithi tupu, kinyume na walivyodai baadhi ya wanazuoni wa karne ya 20. Na wale waliodai kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa na wageni nao hawakuungwa mkono, kwa kuwa mama za watu hao walikuwa Waafrika, na lugha ya nyumba ikabaki ya mama. Lakini angalia jambo moja: mifupa mingi ilitoka kwenye makaburi ya mawe karibu na misikiti, yaani makaburi ya wenye uwezo. Mvuvi na mkulima wa kiungani hawakuzikwa hapo, kwa hiyo picha hii si ya pwani yote. Na waliokuja baadaye waliendelea kuoana na watu wa bara na wa Arabuni, ndiyo maana Waswahili wa leo hawalingani moja kwa moja na wale wa kaburini.

Mimi ni Mnyamwezi kwa baba na kwa mama. Nimepima nikiwa masomoni Ulaya, nikaambiwa nina fungu kubwa la "Kamerun na Kongo" na kidogo Nigeria. Hatuna ndugu huko. (Msomaji, Tabora)

Kampuni haina njia ya kusoma alikozikwa babu yako. Inachofanya ni kulinganisha vipande vyako na vya watu walio hai leo, ambao asili yao inajulikana, kisha inakwambia unafanana zaidi na kina nani. Kapu la kulinganishia likiwa na watu wengi wa Nigeria na Kamerun lakini Wanyamwezi wachache au hamna kabisa, utapelekwa kwa jirani wa karibu aliyemo kapuni. Makapu hayo yaliyajali zaidi maeneo ya Afrika Magharibi na ya Kati kwa sababu ndiko walikotolewa wahenga wa wateja Wamarekani weusi.

Pamoja na hayo, kufanana kwenyewe ni kwa kweli. Lugha za Kibantu zilianza kuenea kutoka mpakani mwa Kamerun na Nigeria ya leo, miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita, na walioenea nazo waliacha vinasaba hadi Maziwa Makuu na baharini. Njiani walioana na wafugaji wenye asili ya Kikushi na Kinailoti na wawindaji waliokuwapo kabla yao. Kumbe "Kamerun" yako inaweza kuwa ya maelfu ya miaka, na haihitaji shangazi aliyepotelea Douala.

Afrika ina tofauti nyingi za vinasaba kuliko mabara mengine yote. Sarah Tishkoff na wenzake walipochapisha mwaka 2009 uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, walipata makundi 14 ya asili. Kulieneza kapu la watu wachache juu ya utajiri huo hakuwezi kutoa jibu la nukta mbili za desimali. Soma kwanza orodha ya jamii zilizomo kwenye kapu la kampuni; kama ya kwenu haimo, chukua asilimia hizo kama mwelekeo tu. Zitabadilika pia kila kampuni inapoongeza watu, bila wewe kutema mate mapya.

Bibi yetu ana miaka 91. Tunataka kumpima kabla ya wengine. Tufanyeje ili sampuli isiharibike? (Msomaji, Tanga)

Mmeamua vizuri kuanza na aliye mkubwa. Bibi mmoja ana vipande ambavyo wajukuu wote kwa pamoja huenda hawana. Ila kwanza aelezwe jambo lenyewe kwa lugha anayoielewa, aridhie mwenyewe, na ajue kuwa huenda likafichuka jambo la zamani.

Andikeni jina au namba kwenye kichupa kabla ya kukifungua. Nyumba inayopima watu wanne mezani pamoja hubadilisha vichupa kwa urahisi, na kosa hilo maabara huenda isiligundue.

Asile, asinywe, asivute wala kutafuna tambuu kwa dakika 30 kabla. Kahawa, tambuu na tumbaku huchafua mate, na mabaki ya chakula huleta vinasaba vya mnyama au mmea. Meno ya bandia yatolewe, kinywa kisukutuliwe kwa maji, ndipo dakika 30 zihesabiwe.

Vipimo vingi vya mate vinataka takriban mililita 2 hadi alama iliyochorwa, na povu halihesabiwi. Mzee hukaukiwa na kinywa. Asugue mashavu kwa nje, asogeze ulimi juu ya kaakaa, apumzike, aendelee. Nusu saa si tatizo. Kisha funga kifuniko chenye dawa mpaka dawa ishuke, tikisa sekunde chache. Dawa hiyo ndiyo inayozuia bakteria kula vinasaba njiani. Kifuniko kisiposhuka sawasawa, sampuli huoza posta kwa joto letu. Hii ni mojawapo ya sababu za majibu ya "sampuli haikufaa".

Akishindwa kutema, tumieni kampuni inayopokea kijiti cha pamba: sugua ndani ya shavu kwa nguvu kiasi, sekunde 30 hadi 60 kila upande. Unachotaka ni chembe za ngozi ya ndani, mate hayatoshi. Kijiti kikavu kisichowekwa kwenye dawa kiachwe kikauke, kisha kiingie bahasha ya karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki kitaota ukungu.

Na siku hiyohiyo mrekodini bibi: majina, vijiji, nani alimlea nani, nani alikuwa na mke mwingine. Bila hayo, orodha ya majina mtakayoletewa na kampuni haitawasaidia.

Nimelinganishwa na mwanamke mwenzangu, mgeni kwangu: tuna sentimogani 1,740 pamoja. Mimi nasema ni dada wa baba mmoja, yeye anadhani ni shangazi yangu. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Maskati)

Sentimogani ni kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba mnavyoshiriki. Namba hiyo peke yake haiwezi kuamua, kwa kuwa dada wa mzazi mmoja, shangazi na bibi wote hukaribia 1,750. Kwa kulinganisha: mzazi na mtoto hufikia takriban 3,480, ndugu wa baba na mama mmoja 2,600, watoto wa ndugu wawili 870, na wajukuu wa ndugu wawili takriban 230.

Anzeni na umri. Kisha ulizeni kama kampuni inaonyesha kromosomu X. Wanawake wawili wenye baba mmoja lazima washiriki X nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu baba ana X moja tu na humpa kila binti hiyohiyo. Ikikatika mahali, nyinyi si mabinti wa baba mmoja, na shangazi anabaki kuwa jibu linalowezekana. Ikiwa nzima, dai lako limepata nguvu sana. Kipimo cha mitokondria, yaani vinasaba ambavyo mtoto hupata kwa mama tu, nacho husaidia: ikiwa yeye ni dada wa baba yako, atakuwa na mitokondria ile ile ya bibi mzaa baba, nawe hutakuwa nayo isipokuwa mama yako naye ametoka kwenye mstari huo.

Tahadhari moja kwa koo za Ghuba na za pwani zinazooa binti ami kizazi baada ya kizazi: jumla ya sentimogani huvimba. Mtu anayeonekana ni binamu wa kwanza anaweza kuwa wa pili mara tatu. Katika koo hizo tazameni urefu wa kipande kikubwa zaidi kuliko jumla. Vipande vingi vifupi ni dalili ya undugu wa mbali uliojirudia, virefu ni undugu wa karibu. Vilivyo chini ya sentimogani 7 viacheni kabisa, vingi ni vya kubahatisha.

Niko kidato cha nne. Kama binadamu alitoka kwa sokwe, mbona sokwe bado wapo Gombe na Mahale? Na nani alishuhudia? (Mwanafunzi, Mwanza)

Binadamu hakutoka kwa sokwe wa Gombe. Sisi na wao tuna mhenga mmoja, aliyeishi takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, na kila upande ukaenda njia yake. Sokwe ni binamu zetu, na kuwapo kwa binamu hakukatazi wewe kuwapo.

Ushahidi tunaubeba mwilini. Zamani utenzi ulinakiliwa kwa mkono. Nakala mbili zikiwa na kosa lile lile mahali pale pale, unajua zimetoka kwenye nakala moja iliyokosewa. Wanyama wengi, kama mbuzi, hutengeneza vitamini C wenyewe. Sisi hatuwezi, ndiyo maana asiyekula matunda na mboga hupata kiseyeye. Jeni ya kazi hiyo, iitwayo GULO, bado tunayo, ila imevunjika. Sokwe na nyani wanayo hiyohiyo imevunjika kwa namna ile ile. Simbilisi naye imemvunjikia, lakini mahali pengine, kwa sababu kosa lake lilitokea peke yake.

Ushahidi wa pili: sokwe ana kromosomu 48, sisi 46. Kromosomu yetu ya pili ni mbili za kale zilizoungana. Ncha za kromosomu hubeba maneno ya herufi za vinasaba, TTAGGG, yanayojirudia. Katika kromosomu ya pili maneno hayo yapo katikati, penye kiungo, pamoja na mabaki ya kitovu cha pili, ilhali kromosomu ya kawaida ina kitovu kimoja tu.

Nawe mwenyewe uko kando ya mojawapo ya mifano mikubwa duniani. Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Furu, samaki wa ziwa hilo wa takriban spishi 500, wametokea baada ya hapo: wanaokula samaki, wanaokula konokono, wanaokwangua mawe. Vinasaba vyao vinaonyesha kwamba mwanzo wao ulikuwa mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya upande wa Nile, na mchanganyiko huo ulileta tofauti nyingi za kuchaguliwa kwa haraka. Tunaumia kusema kwamba sangara alipopandikizwa katika miaka ya 1950, spishi nyingi za furu zilitoweka kabla hata ya kupewa jina.

Wengine hudhani binadamu aliacha kugeuka. Wamasai na wafugaji wenzao wengi wa Tanzania na Kenya hunywa maziwa utu uzimani bila tumbo kuuma kwa sababu ya badiliko la herufi moja karibu na jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Badiliko hilo ni la hapa Afrika Mashariki, la miaka elfu chache, na si lile la Wazungu; watu wawili wa mbali wamefika mahali pamoja kwa njia mbili. Selimundu nayo ni herufi moja. Mwaka 1954 Anthony Allison, kutokana na kazi yake Kenya na Uganda, alionyesha kuwa aliyeirithi kwa mzazi mmoja hulindwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili huugua. Ndiyo maana haikutoweka.

Huyo "Hawa wa Afrika" wa wanasayansi ndiye Hawa wa vitabu vya dini? (Msomaji, Bujumbura)

Jina ni la kuazima tu. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walilinganisha mitokondria za watu 147, wakaona mistari yote ya mama inakutana kwa mwanamke mmoja, yaelekea wa Afrika, takriban miaka 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake. Wenzake walikuwapo, ila mistari yao ya binti kwa binti ilikatika mahali fulani kwa kuzaa wana wa kiume tu au kutozaa. Vinasaba haviwezi kusema lolote zaidi ya hapo kuhusu dini.

Mwanamume amekana mtoto. Naweza kuagiza kipimo mtandaoni nikipeleke mahakamani? Na data yangu itakuwa salama? (Msomaji, Dar es Salaam)

Dada, usiagize kwa ajili hiyo. Kipimo cha nyumbani hakina shahidi wa nani alitoa sampuli, kwa hiyo mahakamani hakina uzito. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 inayosimamia ukusanyaji, usafirishaji, upimaji na hata utupaji wa sampuli, na kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia kwa wanaotambuliwa, wakiwamo mahakama, ustawi wa jamii, polisi na mawakili. Kwako mlango ulio karibu ni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

Nenda na mtoto, na wewe mwenyewe utoe sampuli. Mama akiwamo, maabara hujua herufi zipi za mtoto lazima zimetoka kwa baba, na jibu linakuwa imara zaidi. Hulinganishwa maeneo 15 hadi zaidi ya 20 ya vinasaba. Yakigoma kadhaa, si baba. Likigoma moja tu, haitoshi kumkanusha, kwa kuwa badiliko la bahati hutokea kati ya mzazi na mtoto. Maabara itaongeza maeneo. Kama mwenye kushukiwa mwingine ni kaka yake, semeni mapema, maana ndugu hushiriki mengi na hesabu ya kawaida huchukulia kuwa mshindani si ndugu.

Kuhusu data, kampuni 23andMe ilidukuliwa mwaka 2023 na taarifa za watu takriban milioni 6.9 zikaguswa, Machi 2025 iliomba ulinzi wa kufilisika, na wateja wakabaki wakiuliza data zao zitanunuliwa na nani. Nywila hubadilishwa, vinasaba havibadilishwi, tena ni vya ndugu zako pia. Aliyekwisha kupima nje na anataka kujitoa afuate mpangilio huu: kwanza apakue faili la data ghafi alihifadhi kwake, kisha aondoe ridhaa ya utafiti, kisha aombe sampuli iharibiwe, na mwisho ndipo afute akaunti. Akianza na akaunti, data ghafi hataipata tena.